Kioo Kisicho na Msumari

Kuta za nyumba zetu za Mkomani hazipendi msumari. Ni mawe ya matumbawe na chokaa ya tangu enzi za mababu. Ukigonga msumari leo, kesho uko sakafuni na vumbi lake. Wazee walichimbia zidaka, vile vishubaka vya ukutani, wakapanga vyombo vyao humo, mambo yakaisha. Lakini mwaka wa pili baada ya uhuru babangu alinunua kioo kutoka kwa mwenye duka mmoja aliyekuwa akihama, na kioo chenyewe kilikuwa hakiingii kidaka chochote. Kilinifika mabegani, kinene, na fremu yake ya mvule. Wachukuzi wawili walikipandisha ngazi huku wakilalamika. Mamangu alikuwa amekitamani miaka mingi, kila alipopita pale dukani.

Baba alikuwa fundi wa mashine za boti, akivuka kwenda Ras Kitau kila asubuhi. Alikata vyuma viwili bapa, upana wa kioo, akakunja ukingo wa kila kimoja. Cha kwanza alikifunga ukutani kwa skrubu, zikashika kwenye vigingi vya mkoko alivyovipigilia ndani kabisa ya mawe. Ukingo wake ukatazama juu. Cha pili alikifunga mgongoni mwa fremu, ukingo chini. Kisha tukakinyanyua kioo, yeye upande huu, mimi upande ule, tukakishusha polepole mpaka vyuma vikaumana. Kikatulia. Hakuna kilichokishika ila uzito wake wenyewe.

"Siku ya kukitoa, usivute," aliniambia. "Nyanyua yuu kidogo, kitakuja."

Mama alikuwa jikoni, hakuona. Mimi nilikuwa mtu mzima wakati huo, nimeachika, nimerudi kwa wazazi wangu, na kusema kweli nilifurahi kujua jambo ambalo mwengine pale nyumbani halijui.

Baba alikufa mwaka uliofuata, kwa homa ya siku nne tu. Mama akaingia eda.

Hapo ndipo alipokuja shangazi, dada yake baba, kutuamrisha. Kwao mjane hajitazami kiooni mpaka eda iishe, kwa hivyo kioo kitoke chumbani. Nikamwambia tutakifunika kwa shuka, yatosha. Akanigeukia mbele ya wanawake wote waliokuja kutupa pole: "Weye uliyeshindwa na mume mmoja, ndiwe utakayenifunza eda?" Wallahi, nilimchukia. Hata leo nikilikumbuka neno lile masikio yanapata moto.

Kesho yake alikuja na mumewe na mwashi mmoja. Mimi na mama tukahamia chumba cha pili, nyuma ya pazia, ili wanaume wapate kuingia. Wakavuta kioo, kikagoma. Wakavuta tena. Niliwasikia wakihema, nikacheka moyoni. Nilitaka washindwe, shangazi aondoke na aibu yake, na kioo cha mama kibaki palepale chini ya shuka.

Mama akaniuliza kwa sauti ndogo, "Babako alikitiaje kile kioo? Si weye ulimshikia?"

"Kwa misumari, mama," nikasema. "Mirefu. Kile hakitoki."

Akaniamini. Akasogea paziani akampa shangazi neno lile, naye akawapelekea wanaume. Nilidhani watakata tamaa waende zao. Kumbe mwashi alikuwa na mtaimbo. Niliusikia ukisukumwa kati ya fremu na ukuta, ukikwaruza chokaa. Wakati wa kusema nilikuwa nao, tena wa kutosha, nikanyamaza. Kisha kioo kikapasuka, vipande vikamwagika sakafuni kwa muda mrefu.

Kwenye upenyo wa pazia nikamwona mume wa shangazi akiidaka fremu tupu isimwangukie. Ikapanda kidogo mikononi mwake, ikatoka bila taabu.

"Subhanallah!" akapiga kelele. "Hakina hata msumari mmoja! Chanyanyuliwa tu!"

Mama aligeuka akanitazama. Hakunikemea. Laiti angenikemea, laiti angenipiga kofi! Alisema tu, "Babako alinitundikia kwa mikono yake," akainamisha uso.

Eda ni miezi minne na siku kumi, na zote nilikuwa naye chumba kimoja, na ukuta ule mtupu mbele yetu. Nilimpikia, nilimtekea maji ya udhu. Wiki ya pili uzito ulinishinda, nikamwangukia miguuni nikamweleza yote: hasira yangu, neno la shangazi, uwongo wangu. Akaniwekea mkono kichwani, akasema amenisamehe. Naamini alinisamehe. Lakini tangu hapo nikimwambia nimesikia adhana, alimuuliza jirani dirishani. Nikimwambia uji umepoa, aliugusa kwanza kwa kidole. Sikuthubutu kulalamika.

Siku ya mwisho ilipofika nilikuwa nimeihesabu mara nyingi mno, kwa vidole na kwa tasbihi. Nilichemsha maji ya kuoga, nikafukiza udi, nikamtandazia kitandani nguo mpya nilizomshonea mwenyewe.

"Mama," nikamwambia, "leo eda yako imekwisha."

Hakuinuka mkekani. Alizitazama zile nguo, akanitazama mimi, kwa upole kabisa.

"Nenda kamwite shangazi yako," akasema. "Aje anihesabie."