Fuko Aliyehamia Usukumani

Kaka yangu alinipigia simu mchana mmoja kutoka machimbo ya dhahabu ya Nyarugusu, umeme ukiwa umekatika na kazi yake imesimama. Hakunisalimia vizuri. Aliuliza tu: "Hivi lile gemu la fuko bado lipo?"

Nilijua mara moja analolisema. Tulipokuwa wadogo Kahama, jirani yetu mwenye duka la kanga alikuwa na televisheni na mashine ya gemu. Jumamosi alituruhusu watoto wa mtaa mzima kukaa kwenye mkeka sebuleni kwake, mradi tumeosha miguu. Gemu tulilolipenda lilikuwa la fuko mwenye skafu nyekundu, anayechimba njia chini ya ardhi akitafuta nyota zilizoanguka kutoka angani. Kaka alishika pedi ya kuchezea. Mimi nilikaa nyuma ya bega lake nikipiga kelele, "Kushoto! Kushoto! Kuna jiwe!" Tulilimaliza mara nyingi mno, na hadi leo naimba muziki wake wa mwanzo nikiwa napika.

Nikaingia mtandaoni kulitafuta. Waliolitengeneza waliliacha zamani, lakini wapenzi wake huko duniani walikuwa wanajitengenezea ya kwao na kupeana bure. Kuna aliyempeleka fuko kwenye theluji, kuna aliyempeleka mwezini. Nikampigia kaka. "Nitakutengenezea la kwetu," nilimwambia.

Alicheka mpaka akakohoa. "Wewe? Si unapiga picha za pasipoti wewe?"

Ni kweli. Nina steshenari ndogo Kambarage, hapa Shinyanga mjini. Napiga picha za pasipoti, natoa kopi, nachapa barua za watu wanaoomba kazi. Lakini kompyuta ninayo, na asubuhi nyingi wateja hawaji mpaka jua lipande. Nikapakua programu ya bure ya kutengenezea gemu, nikaanza kufuata video za mafunzo. Mwalimu wa kwenye video alikuwa kijana anayeongea Kiingereza kama mtu anayewahi basi. Nilimsimamisha kila sentensi, nikairudia, nikamsimamisha tena. Bando lilikuwa linakwisha kabla ya somo.

Nilianza kwa kuchora, kwa sababu kuchora nilikuweza. Badala ya bustani za kigeni za gemu la zamani niliweka mawe makubwa yaliyobebana kama yale ya huku kwetu, ng'ombe, mashamba ya pamba, na chini yake udongo mwekundu. Nikamweka fuko juu ya nyasi, akapendeza. Nikabonyeza kitufe cha kuanzia. Fuko akapita katikati ya nyasi, akapita udongo, akapita kila kitu, akashuka mpaka akatoka nje ya skrini.

Kwa muda mrefu hilo ndilo lilikuwa gemu langu lote: fuko anaanguka. Nilibadilisha uzito wake, akaanguka polepole. Nikabadilisha tena, akaanguka kama jiwe. Siku moja alipaa, nikafurahi kidogo, kisha akapotelea juu. Mwishowe nilielewa kwamba ardhi niliyoichora ilikuwa picha tu. Sikuwa nimeiambia kompyuta kwamba hicho ni kitu kigumu, mtu akikikanyaga asimame. Nani angefikiria kwamba ardhi inahitaji kuelezewa? Nikaiwekea mipaka yake, kipande kwa kipande, nikabonyeza. Fuko akaanguka, akagusa nyasi, akasimama.

Nilipiga kigelegele. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba kuna mzee ameketi kwenye kiti cha picha, ananisubiri.

"Kuna nini, binti?"

"Amesimama, baba! Amesimama!"

"Alhamdulillahi," alisema yule mzee, bila kumjua aliyesimama, akavua kofia yake tayari kwa picha. Katika picha ya kwanza niliyompiga anatabasamu hadi magego yanaonekana. Ikabidi tuirudie.

Shida iliyofuata ililetwa na neno. Yale maelekezo unayoiandikia kompyuta, wengi wetu tunayaita kodi. Siku moja mume wangu alipita dukani, na jirani yangu anayeuza mchele na michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, akamuuliza mbona siku hizi sitoki nje kupiga soga.

"Yuko ndani anaandika kodi," mume wangu alimjibu, akaenda zake.

Kesho yake genge la jirani halikufunguliwa. Siku iliyofuata lilifunguliwa nusu, magunia yamefichwa nyuma ya pazia. Nikimwamkia, "Shikamoo mama," ananiitikia "Marahaba" ya mbali huku akitazama mikono yangu kama nimeshika kalamu. Mwanamke wa saluni ndiye aliyenitonya: mtaa mzima ulikuwa umeshajua kwamba nimeajiriwa na watu wa mapato, kazi yangu ni kuandika nani anauza nini.

Nilikwenda gengeni moja kwa moja. "Mama, hebu njoo uone kodi ninazoandika."

Alisita mlangoni kwangu kama mtu aliyeitwa kituo cha polisi. Nikamvutia kiti, nikamwonyesha fuko akikimbia juu ya nyasi. Akasogeza uso karibu na skrini.

"Huyu si fuko?"

"Ndiye, mama."

"Umemvisha skafu."

"Ndiyo."

"Mwanangu," alisema, na sasa alikuwa amekasirika kweli, "hawa wamenimalizia viazi shambani. Nikienda kuvuna nakuta majani matupu. Halafu wewe unampamba!"

Niliona haya, kisha nikashindwa kujizuia, nikacheka. Naye akacheka, na habari za mapato zikaishia hapo. Lakini hakuinuka kwenye kiti.

"Mwenye shamba yuko wapi?"

"Hayupo, mama. Ni fuko tu na nyota."

"Yaya!" alisema kwa Kisukuma, yaani hapana, hapana kabisa. "Shamba gani halina mwenyewe? Niweke mimi. Nipe na jembe."

Nikamweka: mwanamke wa kitenge cha njano, jembe begani, anayezunguka juu ya shamba wakati fuko anachimba chini. Fuko akisogea karibu na juu, anasikia nyayo za mwenye shamba; akizubaa, anakamatwa. Nilipomwonyesha, alilalamika kwamba nimempunguza mwili, nikamwongeza. Kisha nikashika simu karibu na mdomo wake ili nimrekodi. "Haya mama, umemkamata fuko. Unamwambia nini?"

Hakuhitaji kufikiri. "Kalagabaho!" alipaza sauti, akiivuta silabi ya mwisho mpaka watu wa saluni wakachungulia.

Basi ikawa hivyo. Fuko akikamatwa, skrini inatetemeka na sauti ya jirani yangu inamwambia shauri yake. Mpaka wakati ule gemu langu lilikuwa zuri kwa kutazama tu. Tangu alipoingia yeye, likachezeka, kwa sababu sasa fuko alikuwa na mtu wa kumkimbia.

Nilisafiri kwenda Nyarugusu na laptopu ya kuazima. Kaka anaendesha karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, na alikuja kunipokea akiwa mweupe kwa vumbi kuanzia nyusi hadi viatu. Hatukuwa tumeonana tangu harusi ya mdogo wetu. Nilidhani tutakaa nyumbani kwake tucheze wawili. Kumbe alishawatangazia wenzake. Alinipeleka kwenye banda wanaloangalia mpira, mabenchi yamejaa wachimbaji wenye buti za matope, laptopu ikaunganishwa na televisheni kubwa.

"Ndiye huyu dada?" aliuliza mmoja.

"Ndiye mwenyewe," alisema kaka, kifua mbele, utadhani kodi kaandika yeye.

Alikaa benchi la mbele akaanza kucheza. Mimi nilijikuta nyuma ya bega lake. "Kushoto! Kuna jiwe!" Punde banda zima likawa linapiga kelele hizo hizo. Fuko akakamatwa. "Kalagabaho!" ilitoka kwenye spika za mpira, na kicheko kikalipuka. Wengi wao ni Wasukuma. Wameonywa kwa sauti kama ile tangu utotoni. Mmoja aliomba zamu yake akajipeleka kwa mwenye shamba makusudi, tena na tena, mpaka wenzake wakamnyang'anya.

Zamu iliporudi kwa kaka, alifika karibu kabisa na nyota ya mwisho. Akachimba kwenye kona moja ambayo nilisahau kuiwekea mipaka. Fuko akapenya, akaanza kuanguka.

"Hilo ndilo duara!" mmoja alishangilia. Duara ni shimo lao la kuchimbia.

"Mwacheni ashuke! Huyo ameona mkanda wa dhahabu mwambani!"

Walisimama juu ya mabenchi kumshangilia fuko ambaye alishatoka kwenye skrini zamani. Niliwaomba radhi, nikasema nitarekebisha. Kaka alinigeukia, machozi ya kicheko yamechora mistari kwenye vumbi la mashavu yake.

"Usirekebishe, mdogo wangu. Niwekee chumba huko chini."

Mnunuzi mmoja wa dhahabu aliniuliza nauza bei gani. Nilimwambia siuzi, fuko ana wenyewe waliomtunga, mimi ni mpenzi wake tu. Alinitazama kama mtu aliyesikia kwamba naokota dhahabu na kuimwaga, lakini akaomba nimwekee kwenye simu.

Jioni, tukila kwa kaka, alikuwa ameoga na amerudi kuwa yule ninayemjua. "Unajua," alisema bila kuinua macho kwenye sahani, "siku ile umeme ulipokatika, karasha liliponyamaza, palikuwa kimya sana. Nikazikumbuka kelele zako nyuma ya sikio langu."

Nilimwongezea mchuzi.

Siku hizi najifunza kutengeneza mvua. Chumba cha kaka kimekamilika, lakini ameagiza mvua juu ya shamba, ile ya huku kwetu inayotanguliwa na upepo na harufu ya vumbi. Harufu nimemwambia haiwezekani. Mvua yenyewe nimefika mahali inanyesha kutoka ardhini kwenda juu. Jirani amekuja kuiangalia leo asubuhi, amevuta kiti, ameitazama sana. Amesema niiache hivyo hivyo kwanza, yeye bado hajamaliza kupanda viazi vyake.