Mjapani wa Ng'ombe Saba

Siku Mokami alipoolewa, ng'ombe kumi walitoka Nyanungu kwenda kwao, karibu na Nyamongo. Yeye aliwachungulia akiwa nyuma ya ghala la mahindi. Alimpenda mmoja mwekundu, mwenye doa jeupe kwenye paji la uso. Kwa Wakurya ng'ombe wa dada ndio mke wa kaka. Wakiingia leo, kesho kaka anawaswaga kwenda kuoa. Baba yao alishafariki na mji ulikuwa mikononi mwa Kisyeri, kaka yake wa pekee, kwa hiyo kila mtu alijua kwamba Kisyeri ataoa kabla ya mavuno.

Kisyeri hakuoa. Aliwapeleka ng'ombe saba mnadani, yule mwekundu akiwemo, akaenda Nyamongo na kurudi juu ya pikipiki ya Kijapani. Tangi lilikuwa linang'aa, nailoni bado iko kwenye kiti.

"Hii usiite pikipiki, ita ng'ombe wa chuma," alimwambia dada yake alipokwenda kumsalimia. "Mchina ukimtoa dukani leo, kesho ni skrepa. Mjapani bei yake haishuki. Siku nikiwataka ng'ombe wangu nauza, nanunua saba wengine, naoa. Nitakuwa nimepanda bure."

Mokami wakati ule alikuwa na mimba ya miezi mitano. Alimsikiliza kaka yake kama mtu anavyosikiliza habari za hali ya hewa ya mbali. Hakujua kwamba atakayewataka ng'ombe wale ni yeye.

Mume wake, Steven, asubuhi alikuwa mtu mzuri. Jioni, akishalewa, ndiyo ilikuwa mbaya. Jino la mbele la Mokami lilitoka siku ya Krismasi, mtoto akiwa mgongoni. Pasaka ilipokaribia na Steven akaanza tena kurudi akiongea peke yake njiani, Mokami alimfunga Winfrida, mwenye miezi minane, akatembea hadi kwa kaka yake.

Baba mkwe, mzee Nchagwa, hakugomba. Alitamka mbele ya wazee, akasikika: ng'ombe wakirudi wote kumi, Mokami ni huru, na mtoto kwa kuwa bado ananyonya atamfuata mama yake. Wasiporudi, mke arudi kwake.

Watatu walikuwepo zizini. Saba walikuwa wamesimama mlangoni kwa stendi.

Jumatatu Kisyeri alimpakia dada yake na mtoto, wakaenda duka lile lile alikonunua. Dada wa dukani, Agustina, alikuwa anafuta vumbi kwenye tangi la pikipiki nyingine kama hiyo hiyo, rangi hiyo hiyo. Karatasi ya bei ilikuwa imening'inia kwenye usukani: milioni sita na laki nne.

"Nimeirudisha," Kisyeri akasema. "Kateni kidogo kwa kuwa nimeitumia, mnipe hela yangu."

Agustina alicheka, kisha akaona wateja hawacheki. "Kaka yangu, sisi tunauza, hatununui. Labda nimuulize bosi." Akapiga simu, akasikiliza, akaitikia mara mbili. "Anasema milioni mbili na laki sita. Na hapo anakuonea huruma."

"Milioni sita na laki mbili nilitoa! Hapa hapa! Si wewe uliyeniandikia risiti?"

"Ni mimi."

"Sasa imepata ugonjwa gani?"

"Haina ugonjwa. Imetoka tu dukani."

Kisyeri alitoka nje kupumua. Mokami alibaki, akambadilishia mtoto ziwa, halafu akauliza polepole kama anayeuliza bei ya nyanya: "Na hii mpya, kwa Mwanza wanauzaje?"

Agustina alitazama mlango kwanza. "Mwanza ni nne na nusu, dada. Kilichozidi hapo ni bei ya Nyamongo. Watu wa mgodini mshahara ukitoka hawaulizi."

Mokami alipiga hesabu yake ya darasa la saba. Ng'ombe wawili, kwa bei ya mnadani. Ng'ombe wawili wazima walikuwa wameishia barabarani kati ya Mwanza na Nyamongo, na hakuna aliyewaswaga. Alijikuta anajiuliza kama yule mwekundu alikuwa mmoja wao.

Nje, madereva wa bodaboda walikuwa wameshamzunguka Kisyeri kijiweni.

"Baba Padri! Tubariki, baba!" Walimwita hivyo kwa sababu pikipiki za namna ile walizoea kuziona kwa mapadri na mabwana wanyamapori.

"Mnacheka nini? Nani anainunua? Milioni tano na nusu tu."

"Mura, kijana mwenzangu, nikupe milioni tano na nusu nipate nini?" Huyo alikuwa Jackson, mrefu, koti la mvua kiunoni. "Abiria wa buku ni wa elfu hiyo hiyo moja. Apande pikipiki ya Mhindi, apande ya Mjapani, akishuka anatoa buku. Mhindi wangu klachi ikiisha nanunua spea pale ng'ambo, chai haijapoa niko barabarani. Wewe unaagiza Mwanza, unakaa wiki. Wiki nzima unakula nini, jina?"

"Lakini ni chuma kizuri," mwingine akasema.

"Nani kakataa? Kizuri mno. Ngoja nikae, nipigeni picha."

Akakaa, akapigwa picha, akatuma palepale. Aliposhuka ndipo alipomwona Mokami mlangoni, na kicheko kikamkatika. Jackson alikuwa mtoto wa dada yake mzee Nchagwa.

"Shemeji. Kumbe mpo wote."

"Tupo," Mokami akasema, khanga ikiwa mdomoni. Tangu Krismasi alikuwa anazungumza hivyo.

Njiani Kisyeri aliendesha mbio hadi walipovuka daraja. Kisha akapunguza mwendo. "Tuwape yenyewe."

"Nini?"

"Pikipiki. Mume wako anaipenda tangu siku ya kwanza, hukuona alivyokuwa anaizunguka? Yeye haji Nyamongo kuuliza bei. Kwake hii ni milioni sita. Tunawapa ng'ombe watatu na Mjapani, basi." Akageuza kichwa. "Ila bei ya dukani ibaki tumboni mwako."

Mokami alililaza shavu lake kwenye kichwa cha mtoto. Kwa mara ya kwanza tangu mnada ule, aliiombea pikipiki mema.

Walikwenda Nyanungu Jumamosi. Mokami alifunga begi lake kwenye keria, kwa sababu lazima mtu afike nalo. Kama angerudi nalo au angebaki, ingejulikana hukohuko. Kijana wa jirani aliwaswaga ng'ombe watatu tangu alfajiri.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Kaeni."

Mzee Nchagwa aliwakagua ng'ombe watatu, akaridhika. Kisha akaitazama pikipiki kama mtu anayetafuta mkia. Steven hakuitazama. Alikuwa ameshaipanda. Aliizungusha uwanjani, akashika njia ya kisimani, akarudi ana vumbi na meno nje. Mokami alikuwa hajamwona anacheka hivyo mwaka mzima.

"Baba, tuichukue," Steven akasema. "Hii ni milioni sita na zaidi. Tumemalizana."

Kisyeri alitazama chini asionekane uso. Mokami aliisikia mikono yake mwenyewe ikimkaza mtoto, akailegeza.

"Mimi chuma sikijui," mzee akasema. "Mwiteni Jackson. Yeye kazi yake ndiyo hiyo."

Walingoja. Mokami alitazama begi kwenye keria na mafundo mawili ya mpira aliyoyafunga yeye. Jackson alifika na Mhindi wake, akamsalimia mjomba wake, akaelezwa. Akachuchumaa kando ya injini kana kwamba hajawahi kuiona. Alipoinuka macho yake yalikwenda kwa Mokami, kwa mtoto, kwa khanga iliyofunika mdomo. Mokami aliishusha khanga.

Jackson aliona pale palipokuwa na jino.

"Mjomba," akasema, "Mjapani ni Mjapani. Hii ukiiweka sokoni leo ni milioni sita. Watu watagombana."

Steven alipiga makofi. Kisyeri alishusha pumzi. Hata kuku waliokuwa chini ya keria Mokami aliwaona wazuri.

"Vizuri," mzee Nchagwa akasema, naye alikuwa amefurahi kweli. "Vizuri sana. Kama watu watagombana, kazi ni nyepesi. Kisyeri, iuze. Niletee saba wenye mikia."

"Lakini baba, si tuichukue tu..." Steven akaanza.

"Ng'ombe niliwatoa mimi, hukuwatoa wewe. Hiki kitu kinazaa?"

Mkono wa Steven ulibaki juu ya tangi.

Mokami alifungua mdomo. Aliiona njia yote mpaka mwisho wake. Akisema bei ya kweli, Mjapani si ng'ombe saba, arudi jikoni. Akinyamaza, Mjapani ni ng'ombe saba, iuzwe, na huku bado yumo jikoni. Jackson alikuwa amelielewa hilo pia, alikuwa anasugua kioo cha pikipiki yake ambacho hakikuwa kichafu.

"Watatu watangoja wenzao zizini," mzee akamalizia. "Na mke wetu naye atangoja nyumbani kwake. Sina haraka. Hata mwaka."

Kisyeri ndiye aliyefungua mafundo ya mpira. Yalikuwa yamekaza, akatumia meno. Aliliweka begi chini, karibu na miguu ya dada yake, akasimama kama amesahau kitu.

"Nitaiuza, Mokami."

"Nenda, kaka. Mvua inakuja."

Sasa ni mwezi wa nne tangu siku ile. Pikipiki inasimama kijiweni Nyamongo, kipande cha boksi kimefungwa kwenye usukani: INAUZWA MILIONI 6. Kisyeri akishusha bei haitafika ng'ombe saba, asiposhusha hakuna anayenunua. Steven kwa wiki mbili alikuwa mpole, akisema ikiuzwa atamtafuta aliyeinunua amwombe kuipanda. Sasa jioni anaanza tena kuongea peke yake njiani.

Kila Jumapili, Mokami akiwa anachambua mboga, simu inaita.

"Vipi, kaka?"

"Leo wamekuja watatu."

"Wa kununua?"

Upande wa pili kunakuwa na mngurumo wa Wahindi wanaopita na abiria wa buku.

"Wa picha," Kisyeri anasema.

Winfrida sasa anatambaa. Akisikia pikipiki yoyote barabarani anakwenda mbio hadi mlangoni, anashika kizingiti, anangoja. Mama yake humwacha aangalie mpaka ipite, halafu humrudisha ndani.