Kumfuata Neema Kyoto

Sikwenda Japani kutalii, nilikwenda kumrudisha mwanangu London. Siku Neema alipoondoka kwenda kufundisha Kyoto nilimwambia, "Ukienda, usinihesabu mama yako." Tukakaa miaka miwili tukitumiana salamu za sikukuu tu. Mwaka huu nikasema basi, yametosha. Nikaomba likizo hospitalini ninakofanya usafi, nikakata tiketi.

Jumatatu alfajiri nilitoka kwangu Thamesmead na begi lenye unga na dagaa wa soko la Peckham. Jirani yangu Mama Salome alinisindikiza hadi kituo cha basi.

"Usirudi bila yeye," alisema.

"Nitamleta hata kwa kumbeba mgongoni!"

Jumanne jioni nilitua Tokyo, nikalala karibu na stesheni. Asubuhi nikapanda treni ya kasi, abiria wote kimya utadhani wako kanisani. Mlima Fuji niliotamani kuuona dirishani ulijifunika mawingu. Mimi nimezaliwa Moshi, maringo ya milima nayajua, sikuulaumu.

Kyoto, saa sita kasoro, Neema alikuwa ananisubiri. "Shikamoo, Mama." Nikaitikia marahaba, akapokea begi. Akageuka, akatangulia mbele.

Alhamisi alinipeleka hekalu la Fushimi, kwenye milango myekundu isiyo na hesabu inayopanda kilima chote. Magoti yaliwaka moto.

"Mama, turudi."

"Turudi wapi? Twende juu!"

Nilikuwa nimepanga nimwambie kule kileleni kwamba tunarudi wote. Nilipofika, loo, hata pumzi ya kuomba maji sikuwa nayo.

Mchana tuliingia kwenye kijimgahawa cha tambi chenye viti vinane vilivyopangwa mbele ya mpishi. Mpishi alimwita Neema kwa jina, akamwekea chai bila kuombwa. Bakuli langu likaja kwanza, linafuka moshi, nyama laini juu yake. Pembeni yangu mzee mmoja alikuwa bado anasubiri lake. Sasa mimi nitalaje na mtu kakaa mikono mitupu? Nikalisogeza bakuli katikati yetu. "Karibu, baba, tule."

Mzee akashtuka, akapunga mikono kukataa. Mgahawa mzima ukatugeukia.

"Mama, jamani!" Neema akanong'ona. "Hapa kila mtu na bakuli lake."

Akainama, akamweleza mzee kwa Kijapani. Mpishi akadakia kwa sauti, wote wakacheka, na mzee akaniinamia kwa heshima. Nikaona haya mpaka masikio yakawaka.

"Amesema nini huyo?"

Neema aliangalia chai yake. "Wiki ya kwanza nilipofika nilifanya hivyo hivyo, kwenye kiti hicho hicho. Anasema sasa amejua nilifunzwa na nani."

Machozi yalinitoka mbele za watu, sikujali. Mtoto niliyemkana alikuwa amenibeba mpaka huku. "Nisamehe, mwanangu. Yale maneno nilikosea."

"Nimekusamehe, Mama. Kula, zinapoa."

Tulizunguka siku tatu zaidi, mahekalu na masoko ya samaki, naye akisalimiwa kila kona. Jumatatu, kwenye lango la stesheni, alinishika mkono. "Nilidhani umekuja kunichukua."

"Nimekuja kukuona," nikamjibu, na wakati huo ulikuwa ukweli.

Nilifika Thamesmead mvua inanyesha. Mama Salome akafungua mlango wake, akachungulia nyuma yangu. "Mtoto yuko wapi?"

Nikatua begi. "Yuko kwake."