Mgonjwa wa Kipindupindu

Nyota wa kikundi cha maigizo cha Lodwar hakubali kuigiza mtu mwingine ila mgonjwa wa kipindupindu, na kufa kwake huchukua muda mrefu kuliko ugonjwa wenyewe. Huwaziba wenzake kwa mgongo, huwanyoshea watazamaji vidole vyake virefu, na hukohoa sana, ingawa kipindupindu hakina kikohozi. Kule Kakuma, Awoi, mbeba ngoma wa kikundi hicho, aliigiza nesi kwa mara ya kwanza. Kama angekosea, angerudishwa kubeba ngoma. Mbele ya umati, maneno yakampotea. Ndipo marehemu, aliyekuwa amekata roho mkekani, akamnong'onezea bila kusogeza midomo: "Waulize maji waliyachota wapi." Awoi akauliza, na mchezo ukaendelea. Baadaye, akijipangusa vumbi, marehemu alimwambia, "Siku nyingine, dada, sahau kabla sijafa."