Sahani ya Wageni

Hadi leo, nikisikia harufu ya manyoya ya kuku yakibabuliwa motoni, roho huniuma kidogo, na msinicheke. Wengine harufu hiyo huwakumbusha Krismasi. Mimi hunikumbusha dada yangu Debora aliporudi nyumbani Kilolo, na wivu niliokuwa nao, wivu wa kunikosesha usingizi.

Debora alikuwa ametoroka na dereva wa lori la mbao, wakaenda kuishi Mbalizi bila ndoa. Kanisa letu la Kilutheri likamtenga, na mama, aliyekuwa mzee wa kanisa, akaona aibu hata kukaa benchi la mbele. Mimi nilibaki. Nilichota maji, nilichuma mboga, nilipalilia viazi kwenye baridi ile ya kutia vidole ganzi, na bado nilifokewa kila siku.

Aliporudi, jogoo akachinjwa. Jumapili yake akapiga magoti mbele ya madhabahu, mchungaji akamwekea mikono kichwani na kutangaza kwamba amesamehewa, amerudi kundini. Kwaya ikaimba, vigelegele vikapigwa. Mimi ambaye sikuwahi kukosa shule ya Jumapili nilikuwa nimebanwa katikati ya shangazi zangu wawili wanene, wala hakuna aliyeniangalia.

Nyumbani ndiko nilikochoka kabisa. Mama alimtandikia Debora kitanda cha wageni, akamletea chai kwenye kikombe chenye kisosi, akampakulia chakula kwenye sahani ya maua ambayo mimi nikiigusa tu nachapwa. Debora akishika ufagio, mama alimwambia kwa upole aache, apumzike. Ufagio nikapewa mimi. Nilimchukia dada yangu. Nikapanga nami nitoroke, niende Rujewa nikale wali mpaka nichoke, kisha nirudi nipokelewe hivyohivyo. Debora mwenyewe alikula kidogo sana, akashinda kimya, jambo ambalo mimi niliita maringo.

Asubuhi moja mama akiwa shambani, Debora alijipenyeza jikoni akabandika uji, nao ukaungua. Mama aliporudi alisimama mlangoni, akanusa. Kisha akamwita jina la utotoni, ambalo hakuwa amelitamka tangu Debora arudi nyumbani.

“Debo, hivi wewe akili yako uliiacha wapi? Tangu ukiwa mdogo ni kuunguza uji tu. Hebu chukua ndoo ukachote maji, kabla sijakuchapa na huo mwiko.”

Debora alichukua ndoo. Machozi yalimtoka, na huku anacheka. Nami nilicheka, kwa furaha ya kuona heshima zake zimekwisha.

Nimekuja kuelewa baadaye, nikiwa na nyumba yangu mwenyewe. Mgeni hafokewi. Mama alikuwa amemchinjia jogoo, amemsikia mchungaji akitangaza msamaha, amesema amina pamoja na wengine, lakini moyoni alikuwa bado hajampokea, na Debora alilijua hilo. Siku zile zote nilipokuwa nikimwonea wivu kwa kuambiwa apumzike, yeye alikuwa akinionea wivu mimi niliyekuwa nafokewa.