Wakili Aliyehama Meza

Majina ya watu hayanitoki kichwani. Niliosoma nao katekisimu, niliopanda nao gari la ndizi kutoka Mkuu kwenda Moshi, hata waliokuja kwetu mara moja kunywa mbege wakaondoka, wote ninao. Lakini humu sitamtaja hata mmoja, maana majina yameshanifikisha mahakamani mara mbili, na mara zote mbili nilimkuta wakili yule yule.

Mara ya kwanza alikuwa wakili wa serikali. Kijana mwembamba, si mtu wa huku kwetu, alitokea kusini, na baridi ya Julai ilikuwa inamwonea. Alivaa sweta chini ya koti jeusi. Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, alikuwa amemkata jirani panga la bega kwa ugomvi wa mpaka wa kihamba, shamba letu la migomba. Jirani alipona, ila mkono haukunyooka tena. Shemeji akashitakiwa kwa kujaribu kuua. Nyumbani tulikuwa tumeshakubaliana kwamba hakuna aliyeona kitu. Baba mkwe alitukalisha jikoni akasema asubuhi ile sisi wote tulikuwa sokoni, basi tukawa tulikuwa sokoni.

Wakili akaniita kizimbani. Hakunitisha. Aliomba niletewe kiti kwa sababu nilikuwa na mimba kubwa, kisha akauliza kwa upole kabisa, kama mtu anayeulizia habari za mavuno.

"Mama, hebu tukumbushe. Asubuhi ile shambani walikuwa nani na nani?"

Nikaanza kutaja. Nilimtaja jirani, nikamtaja mkewe, nikamtaja fundi aliyekuja kupasua mbao, nikafika kwa shemeji, na mdomo ukamtaja kabla sijauzuia. Kuruka jina siwezi. Ukiniuliza watu nitakuhesabia watu.

"Ahsante, mama," akasema, akaketi.

Shemeji alifungwa. Mama mkwe hakula tena chakula nilichopika mimi mpaka mwanawe alipotoka, na hiyo ilikuwa miaka. Mume wangu hakunigombeza, lakini nilimsikia akihema kila nilipofungua mdomo mbele za watu. Hasira zangu zote nikamwekea yule wakili. Nilipokutana naye mjini alinisalimia, "Habari za nyumbani, mama?" Mimi nikageukia duka la vitambaa nikajifanya nachagua kitenge. Nilifanya hivyo kila nilipomwona, mpaka mwenye duka akazoea.

Mimba ile ndiyo binti yangu wa mwisho, na yeye ndiye aliyenirudisha mahakamani.

Binti huyu anafanya biashara ya ndizi kama nilivyofanya mimi. Wanawake kadhaa wa Mkuu wanakodi lori moja, kila mmoja anapakia mikungu yake, na ili isichanganyike kila mmoja ana alama. Mmoja anafunga kamba ya mgomba, mwingine anapaka rangi kwenye bua. Yeye anakata mikato miwili ya kisu juu ya bua, alama niliyomfundisha mimi, na mimi nilifundishwa na mama yangu. Siku hiyo wenzake walitangulia na basi, yeye akapanda na dereva. Kwenye kizuizi cha barabarani askari wakapekua, na chini ya ndizi wakakuta magunia ya mirungi, yale majani ya kutafuna yaliyopigwa marufuku. Dereva aliruka akaingia kwenye mahindi, hajaonekana mpaka leo. Binti yangu hakukimbia. Aliniambia baadaye kwamba hakuona sababu ya kukimbia ndizi zake mwenyewe.

Uzito wa mzigo ulimnyima dhamana. Tukaanza kwenda mahakamani na kurudi, kila siku upelelezi haujakamilika. Niliambiwa wazi kwamba akipatikana na hatia, mimi kwa umri wangu nisitegemee kumwona tena nje. Hilo ndilo nililolala nalo na kuamka nalo.

Mwanamke mmoja niliyekaa naye foleni kwenye geti la mahabusu, tumeshika vyakula, ndiye aliyenipa akili.

"Mtafute yule mzee aliyekuwa wakili wa serikali. Ameacha, siku hizi anatetea."

"Yule wa kusini?"

"Huyo huyo. Fundi kufuli. Zamani alikuwa anafunga, sasa anafungua."

Wako wengi mjini waliohama namna hiyo, akaniambia, na ndio wanaogopwa, kwa sababu jiko la upande wa pili wamelipikia wenyewe. Mimi nilitamani awe yeyote kati yao isipokuwa huyo. Wiki nzima nilizunguka na hilo moyoni. Halafu nikavaa nguo za kanisani nikaenda.

Ofisi yake ilikuwa ghorofani, karibu na soko. Katibu wake, dada mcheshi, aliniwekea chai, akaanza kunipigia hadithi. Siku ya kwanza mzee alipokwenda kutetea, alisema, aliingia mahakamani akaenda moja kwa moja kuketi meza ya serikali. Karani akamwambia, "Mzee, meza yako ni ile pale." Akahama. Hakimu alipoingia, akasimama akainama akasema, "Mheshimiwa, naiwakilisha Jamhuri." Mteja wake akaangua kilio.

Nilicheka mpaka chai ikamwagika. Mlango ukafunguliwa, na huyo hapo, nywele nyeupe, bado na sweta.

"Shikamoo, mama."

Nikaitikia, "Marahaba."

"Leo hakuna vitenge vya kuchagua?"

Nikajua kumbe miaka yote hiyo alikuwa anaona. Nikamwambia moja kwa moja, "Mtoto aliyekuwa tumboni siku ile uliponiombea kiti, ndiye yuko ndani."

Alivua miwani akaifuta. "Basi niliyekuwa namwombea kiti ni mteja wangu mwenyewe," akasema. "Nieleze."

Nikamweleza. Niliporudi wiki iliyofuata alikuwa ameshapata karatasi za askari, na kulikuwa na mstari aliousoma mara mbili: magunia yalikutwa chini ya mikungu yenye alama ya rangi nyekundu kwenye bua. Nikaruka kwenye kiti. Nikamweleza habari ya mikato miwili ya binti yangu, na kwamba rangi nyekundu ni ya . . .

Aliinua mkono. "Usiniambie."

"Lakini namjua."

"Najua unamjua. Mama, kumtafuta mwenye mzigo ilikuwa kazi yangu ya zamani. Sasa kazi yangu ni kuonyesha kwamba haukuwa wa binti yako, basi. Na hiyo alama nyekundu nayo haithibitishi kitu, yeyote anaweza kusukumia gunia chini ya ndizi za mwenzake. Nikiwa meza ile nyingine ningemkamata mtu kwa rangi hiyo na ningelala usingizi. Nilichoka kuwa na uhakika kila siku, ndiyo maana nikaacha."

"Na wakiniuliza kizimbani?"

"Utasema kweli. Sitakufundisha kingine."

Mwenye rangi nyekundu alikuwa rafiki wa binti yangu tangu kipaimara, anayemsuka nywele, na kila wiki alikuwa anapanda gari kumpelekea chakula mahabusu. Nilipomwona binti yangu tena, kabla hata ya salamu alisema, "Mama, usimtaje. Sijui kama ni yeye, na wewe hujui. Ana watoto wadogo." Nikamwambia kwamba akifungwa yeye nitamtaja juu ya paa la kanisa. Akasema, "Ndiyo maana sitaki uitwe." Lakini wakili alikuwa ameshaliandika jina langu.

Siku ya ushahidi nilimkuta wakili wetu barazani anacheka na wakili wa serikali, dada mdogo mwenye sauti nzito, aliyemwamkia na kumwita mwalimu. Nikamvuta joho.

"Mnacheka nini? Mmeshamuuza mtoto wangu?"

"Huyu nilimfundisha kazi mimi, mama," akasema. "Ndiyo maana namwogopa."

Kizimbani nilishika Biblia. Wakili wetu aliniuliza machache. Alama ya binti yako ni ipi? Ameitumia tangu lini? Siku ile ulikuwapo wakati wa kupakia? Nilikuwapo, nimekaa juu ya gunia tupu, kazi yangu siku hizi ni kuhesabu mikungu na kusema maneno. Mikungu ya binti yako ilipakiwa wapi? Nyuma kabisa, karibu na mlango, yote ina mikato miwili. Akashukuru, akaketi. Askari alikuwa ameshasema siku nyingine kwamba magunia yalikuwa mbele.

Kisha akasimama yule dada.

"Shahidi, unasema kila mwanamke ana alama yake."

"Ndiyo."

"Na wewe unazijua zote."

"Zote."

Akatazama karatasi yake, akamtazama mwalimu wake, naye alikuwa anachonga penseli kana kwamba yuko shuleni. Nilimwona binti yangu ameinamisha kichwa. Jina lilikuwa tayari mdomoni, na nilikuwa nimeapa, na najijua. Angeuliza ningesema.

"Sina swali lingine, Mheshimiwa."

Nje nikakaa kwenye ngazi. Wakili akakaa karibu yangu na joho lake, watu wakipita.

"Kwa nini hakuuliza?"

"Angeuliza, ungemtaja mtu mwingine, na kesi yake ingeishia pale pale. Swali ambalo hulijui jibu lake huliulizi. Nilimfundisha hivyo."

Nikamgeukia. "Lakini mimi uliniuliza, siku ile ya shemeji."

"Kwa sababu jibu nilikuwa nalo. Jirani yako alimtaja shemeji yako akiwa bado kitandani hospitalini, na yule fundi wa mbao naye akamtaja. Ungenyamaza, angefungwa vile vile. Nilitaka tu jaji asikie kwa mtu asiye na ugomvi."

Mama mkwe ameshakufa, mume wangu ameshakufa. Miaka yote ile nimekula chakula changu peke yangu nikijua ni mdomo wangu uliomfunga shemeji.

"Ungeniambia," nikasema.

"Hukuwa unanisalimia, mama."

Niliona haya, na nilipomaliza kuona haya nilijisikia mwepesi, kama mtu aliyetuliwa mtungi kichwani. Namshukuru Mungu, na yeye namshukuru kila asubuhi nikisali, namtaja kwa jina lake kamili.

Hukumu ilisomwa baada ya wiki chache. Hakimu alisema ushahidi haukumgusa mshitakiwa, na kwamba askari walioshika mzigo walishindwa kueleza ulikuwa wa nani. Binti yangu akaachiwa huru. Nilimsikia wakili wa serikali akisema, "Hongera, mwalimu," naye akamjibu, "Ulifanya vizuri kunyamaza."

Rafiki wa binti yangu alikuwa anasubiri uani, na sweta na chupa ya mtori, supu yetu ya ndizi, mkononi. Walikumbatiana muda mrefu, na binti yangu ndiye aliyekuwa anambembeleza mwenzake, si kinyume. Nikasogea. Nikamwita kwa jina lake, taratibu, si kwa sauti.

"Abee, mama," akaitika, hajainua uso.

Nilikuwa na mengi ya kusema. Binti yangu akanitazama juu ya bega la rafiki yake, yuko nje, jua linampiga usoni, amekonda, na mimi nikaona sina haja ya mengi.

"Mtori utapoa," nikasema. "Mmiminie mwenzako anywe."