Bluebird ya Baba na S ya Tatu

Sisi tuliokulia Kisumu wakati mtaa mzima ulikuwa na gari moja au mawili, tuseme ukweli: wazimu wa magari tulikuwa nao kuliko hawa vijana wa sasa wanaotoboa ekzosi ili wasikike mpaka Awasi. Ukiwa na tonge la ugali na omena mdomoni, ulisikia gari likipita na ukalitaja kabla halijafika kona. Tuliijua One-Sixty J, ile iliyowaonyesha wazee wetu kwamba sedani ndogo ya Kijapani inaweza kushinda matope ya mashindano ya mbio. Ikaja Sunny, ya makarani. Halafu Bluebird, gari la mtu aliyefika. Na Bluebird nazo zilikuwa na madaraja: ya kawaida ilienda, iliyoandikwa SSS mgongoni iliruka.

SSS halisi ilikuwa ya jirani yetu Baba Njoroge, muuza nguo wa soko la Kibuye aliyehamia kutoka Nyeri. Alituambia herufi zile ni Kiingereza cha sedani ya mbio. Sisi watoto tulisema ni "Sisi Si Senzi", maana kwetu ziwani h inayofuata s ni anasa tu. Yeye naye aliita gari lake "Brubadi", kwa hiyo hakuna aliyekuwa na haki ya kumcheka mwenzake.

Baba yangu, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa na Bluebird ya kawaida, tena ya mkono wa tatu. Aliipenda mpaka mama akawa anauliza nani hasa aliolewa. Basi ikatangazwa harusi ya shangazi yangu kule Katito. Harusi ya kwetu ina pakruok: mtu anasimamisha mpiga nyatiti, zeze letu la nyuzi nane, anamtuza, kisha anajisifu mbele ya watu wote bila haya. Miaka yote baba alijisifu kwa chaki, na hakuna aliyeshtuka. Safari hii alitaka kuitwa Wuon SSS, yaani mwenye SSS.

Akaenda Kibuye kutafuta herufi kwa wauza spea kuukuu. Akapata S mbili tu. Muuzaji akamshawishi achukue namba tano iliyong'olewa kwenye buti la 505 ya Kifaransa, eti kwa mbali tano na S ni ndugu. Nilimfumania nyuma ya jikoni akiibandika kwa gundi ya viatu. Akaruka, halafu akaniambia kwa sauti ya darasani, "Nyathina, hii si uongo. Ni mapambo." Nami, mtoto wake, nikaibeba siri hiyo mpaka Katito.

Kufika, nani ameegesha kando yetu? Baba Njoroge, na SSS yake iking'aa. Nikasema leo tumekwisha.

Baba hakujali. Alisimamisha nyatiti, akajitandaza, Wuon SSS, simba wa barabara ya Kisii, mambo mengi hata mama akainamisha kichwa. Hapo ndipo binamu yangu wa Nairobi, mwenye miwani myeusi na Kiingereza kingi, alipoinama nyuma ya gari letu na kusoma kwa sauti: S, S, tano. Watu wakaanza kucheka. Baba yangu, aliyechapa nusu ya watoto wa Kisumu kwa sababu ya tahajia, alisimama pale jasho likimtoka. Sijawahi kumwonea mtu huruma vile. Nilijua wakimcheka mpaka mwisho, hatasimama tena kwenye sherehe ya ukoo wake.

Baba Njoroge akainuka. Akalizunguka gari letu polepole, akalizunguka lake, akakuna kidevu.

"Wewe kijana, wacha kusumbua watu," akamwambia binamu. "Hiyo ni SS faif. Ndio imetoka juzi. Mimi na hii yangu ya zamani, sisi tumeachwa nyuma."

Kisha akamtuza mpiga nyatiti na kujisifu kwamba yeye ni jirani wa mwenye SS5. Mkikuyu kwenye pakruok! Watu walishangilia mpaka kuku wakakimbia. Baba alikaa chini, akajifuta uso kwa leso kwa muda mrefu kuliko jasho lilivyohitaji. Jumatatu alizibandua herufi zote, akapeleka samaki wawili wa ngege, wanono, kwa Baba Njoroge.

Siku hizi video ya simu ingemmaliza baba yangu kabla hajaketi. Mwanangu anaendesha sedani ya Kijapani inayonguruma, kila kitu halisi, cheti anacho. Juzi nilimtembelea kwenye fleti yake, nikamuuliza jirani wa mlango wa pili anaitwa nani.

Akaniambia ningoje kidogo, aangalie kwenye grupu ya wapangaji.